Mama Matone Hakati Bolti

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mbili ya kulegeza vilivyokataa kulegea, fundi mitambo mkuu wa karakana ya hospitali yetu anastaafu. Kwenye faili lake ana majina matatu yaliyonyooka. Humu ndani, kuanzia wodi ya wazazi mpaka kibanda cha walinzi, anaitwa Mama Matone, na ukimuulizia kwa majina ya kwenye faili utazungushwa jengo zima.

Ofisi imeniomba niandike wasifu mfupi wa kijitabu na wa kusomwa kwenye sherehe hii ya kumuaga, wenye heshima, usiogusa mambo ya utawala. Mimi ni fundi umeme wa karakana hiyohiyo, na benchi langu limegusana na la mama huyu kwa zaidi ya nusu ya utumishi wake. Heshima ataipata. Ufupi nitajitahidi. Hilo la tatu mnisamehe, haliwezekani, kwa sababu kuna wanaotaka karakana ifungwe siku anapotoka yeye, na baadhi yao mmekaa viti vya mbele.

Alipoajiriwa alipewa vitanda. Magurudumu ya vitanda vya wagonjwa hushika kutu haraka kwa ajili ya dawa ya kupigia deki, na kabla yake dawa ya kutu ilikuwa ni misuli. Bolti ikikwama unaikaba kwa spana. Ikikataa, unavisha bomba kwenye spana. Ikikataa tena, mwanamume mwenye kitambi ananing'inia kwenye bomba, matusi yanatoka, kichwa cha bolti kinakatika, halafu grainda inaletwa kumalizia msiba. Yeye alikuja na kikopo chenye mdomo mwembamba. Aliweka matone mawili matatu, akagonga kidogo kwa nyundo ndogo, akaenda kunywa chai. Waliomcheka walicheka mpaka aliporudi, akafungua ile nati kwa mkono mmoja huku kikombe kikiwa kwenye mkono wa pili. Jina la Matone likaanzia hapo, kwanza kwa kejeli.

Sasa, mafuta gani? Hapo ndipo palikuwa na vita. Katika karakana yetu kila mtu ana mafuta anayoyaamini kama dini. Mtunza stoo ni mtu wa dizeli. Dereva wa gari la wagonjwa anaapia mafuta ya breki, ingawa yamebabua rangi ya kila kitu alichokigusa. Mhandisi wetu ana kopo lake la kupuliza, lenye kimrija chekundu, na hulitembeza mfukoni kama manukato. Mimi nililelewa na mafuta ya taa. Mama Matone mwenyewe ana mchanganyiko wake wa mafuta ya giaboksi na asetoni, ambao mtu mwingine haruhusiwi kuutingisha. Tumebishana mpaka chai ikapoa, tukaipasha, ikapoa tena.

Lakini hata mchanganyiko wake hakuuabudu. Alikuwa akisema mafuta bora hayapo, yapo yanayofaa pale ulipo. Kabla ya kumimina tone alitaka kujua bolti imesimama au imelala, jirani yake ni nini, nani ataivuta ile harufu, na tuna muda kiasi gani. Bawaba za geti alizipa dizeli, maana geti halina pua. Mchanganyiko wake haukuingia ndani ya jengo hata siku moja, kwa kuwa asetoni na moto ni mashoga wa karibu mno. Kopo la mhandisi alilikubali kwa skrubu ndogondogo, akisema kwa nati kubwa linakauka kabla halijafika linakokwenda. Mhandisi hajawahi kulikubali hilo, na leo ana ruhusa yangu kuendelea kukataa.

Nije kwenye Sufuria Kubwa. Wageni waelewe: huo ni mtambo wa mvuke unaotakasa vyombo vya upasuaji. Bila huo hakuna kisu kinachomgusa mgonjwa. Mwaka mmoja mlango wake ulianza kuvuja mvuke, na ili utengenezwe ilibidi uvuliwe. Bolti nne za bawaba zilikuwa zimeganda kwa kutu, zimelala ubavu, mahali pa kuingiza mkono kwa taabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tuliinama mpaka viuno vikalia. Wapi!

Ikaletwa kampuni ya nje. Wakashauri bolti zikatwe kwa gesi. Mwili wa Sufuria ni chuma cha kusubu, kilichomiminwa kikiwa uji, na chuma hicho kikipata moto wa ghafla hupasuka. Wakasema kikipasuka si neno, wataleta mtambo mpya, na pamoja nao mkataba wa kutengeneza kila kitu hospitalini. Kwa maneno mengine, karakana kwaheri. Tulikuwa watu sita, na sote tungemwaga unga kwa ajili ya bolti nne. Uongozi wa wakati huo ukatupa mpaka Ijumaa mchana. Vyombo vya upasuaji vikawa vinapelekwa kutakaswa hospitali ya ng'ambo ya mji, na wagonjwa wasio wa dharura wakaambiwa wasubiri. Mama Matone aliposikia neno gesi alijibu neno moja tu: thubutu!

Kwenye stoo alinusa kopo moja baada ya jingine. Dizeli aliikataa, harufu yake ingekaa kwenye chumba kile wiki nzima. Mchanganyiko wake aliukataa yeye mwenyewe, tena mbele ya wafuasi wake. Akaenda chumba cha ushonaji mashuka, akamwomba fundi cherehani chupa ya mafuta yake. Ni mepesi, hayanuki, na hupenya yasikotegemewa. Anayebisha amuulize mwenye gauni jeupe lililopita chini ya cherehani. Kwa kuwa bolti zililala, matone yangedondoka chini, basi akakanda unga na kuuzungushia kila bolti ukuta mdogo, mafuta yatuame mlemle. Akagonga taratibu, akatuamuru tuondoke.

Jumanne, hakuna kitu, hata unga haukuwepo, ikabidi akande mwingine. Jumatano, hakuna kitu, na bolti zilionekana kavu, tena nyekundu kuliko jana. Watu wa gesi walikuwa wanapita korido wakitabasamu. Mama Matone akaamini kuna mtu anamhujumu, na kwa hasira akamwangukia mhandisi, kwamba ndiye anayebandua unga na kupuliza kopo lake kwa siri kuharibu dawa. Walitoleana maneno pale mbele ya duka la dawa hadi wagonjwa wakasahau foleni yao. Mhandisi aliondoka ameumia kweli, na mimi nilimwonea huruma.

Alhamisi asubuhi mlango wa karakana ukasukumwa na mama wa usafi wa chumba cha upasuaji, amebeba sinia, uso umefura. Alikuja kushtaki. Alitaka kumjua huyo fundi asiye na adabu anayekula mikate juu ya Sufuria Kubwa na kuacha makombo kila siku. Unga huleta mende, akasema, na mende akionekana kule ndani atakayeitwa ni yeye, si fundi. Kila alfajiri amekuwa akibandua, anafuta mafuta, anapiga sabuni, na kumalizia na dawa ya kung'arisha. Kwenye sinia zilikuwa kuta zetu za unga, zimepangwa vizuri kama ushahidi.

Dawa ya kung'arisha, ileile ya deki inayoleta kutu! Yaani usiku tunalegeza kutu, alfajiri inaletewa kifungua kinywa. Tukakaa kusubiri radi. Mama Matone aliutazama unga, akamtazama mwanamke aliyeubeba, akacheka mpaka akakaa chini kwenye tairi. Na yule mwenzake, badala ya kuomba radhi, akashikilia msimamo kwamba kazi yake ameifanya sawasawa na ataifanya tena kesho, labda wapate kitu kisicholiwa na mende. Akapendekeza sabuni ya mche, ikilainishwa kwa maji ya moto inafinyangika vizuri kuliko unga. Hoja ikapita bila kupigiwa kura.

Mama Matone akaenda kwa mhandisi kusema samahani. Aliisema haraka kama mtu anayemeza kidonge kichungu, lakini aliisema, mimi ni shahidi. Na mhandisi, Mungu ambariki, hakuweka kinyongo. Alikuja na wazo lake: tufungulie mvuke kidogo chuma kipate joto, tufunge kipoe, tuongeze matone kikiwa kinapoa, kisha turudie, maana chuma kinaposinyaa huvuta mafuta ndani. Siku nzima ikawa hivyo, joto na baridi, matone na nyundo ndogo, na mama wa usafi akizunguka na kitambaa chake akikagua kuta za sabuni kama askari wa mpaka.

Ijumaa asubuhi bolti ya kwanza ikalia, ikazunguka. Ya pili ikafuata, na ya tatu. Ya nne ikagoma. Mchana ukafika, na fundi wa gesi akafika na mitungi yake kwenye toroli. Kijana mmoja wetu akaomba tulete bomba tuing'oe kwa nguvu, potelea mbali. Mama Matone akasema atakayeleta bomba atalivaa shingoni. Mama wa usafi naye akamwaga ndoo ya maji kizingitini, akasimika kibao cha njano chenye maandishi SAKAFU IMELOWA, akaegemea mopu yake. Mliofanya kazi hapa mnajua hakuna binadamu, awe daktari bingwa au mkurugenzi, aliyewahi kukanyaga sakafu iliyolowa ya mama yule. Fundi wa gesi akatazama kibao, akamtazama mwenye mopu, akaomba kiti.

Bolti ya nne ilitoka baada ya chakula cha mchana, nzima, uzi wake wote salama. Kampuni ikapakia mitungi. Jumatatu yake chumba cha upasuaji kilifanya kazi, na Sufuria Kubwa ingali inachemka hadi leo.

Kuna mengine ningeweza kusimulia. Mumewe, aliyeketi hapa kando yake, analalamika kwamba nyumbani hakuna anayeruhusiwa kufungua kifuniko cha chupa kwa nguvu. Kinagongwagongwa kwanza, watu wanasubiri, na uji unapoa. Wanafunzi wa ufundi waliopita mikononi mwake wamejaa karakana za watu. Na yule mama wa usafi, Mama Matone ndiye aliyemwombea uhamisho aje karakana, akamfundisha, akamsukuma afanye mtihani wa ufundi. Amefaulu daraja la kwanza, na anachagua mafuta kwa kunusa kama mwalimu wake, isipokuwa ni mbishi zaidi.

Hata hivyo mwezi uliopita likabandikwa tangazo, kwamba nafasi ya fundi mitambo mkuu haitajazwa na shughuli za karakana zitaangaliwa upya. Sisi si watoto, tunajua maana ya kuangaliwa upya. Mama Matone alipanda ngazi mpaka kwa mkurugenzi akiwa na ovaroli lake, sisi tukiwa nyuma yake. Mkurugenzi akamweleza kwa upole kwamba zama zimebadilika, na kwamba yeye sasa apumzike, asijisumbue na yatakayofuata. Akajibiwa kwamba ofisi imechanganya mambo mawili. Anayestaafu ni Mama Matone. Karakana haijafikisha umri.

Ijumaa iliyopita, kwa mujibu wa utaratibu, alitakiwa kukabidhi ufunguo wa karakana kwa ofisa utawala. Meza ilitandikwa kitambaa, mkurugenzi akaja kushuhudia. Mama Matone akaingia, akasalimia wote kwa adabu, akauvua ufunguo shingoni mwake, akaupita mkono wa ofisa ulionyooshwa, akaenda kuuvisha shingoni mwa yule mwanamke wa sabuni ya mche. Akasema, "Nimekabidhi," akakaa. Mkurugenzi alikohoa, akatazama saa, akasema ana kikao. Mpaka kijitabu hiki kinakwenda kuchapwa hakuna aliyekuja kuudai ufunguo huo, na anayeutaka aje, atatukuta tupo kazini.

Mama, kwa niaba ya karakana, asante kwa subira yako na kwa ubishi wako, maana subira peke yake isingetufikisha hapa. Tunakuombea afya, magoti yasiyokusumbua, wajukuu wasikivu na usingizi wa asubuhi ulioukosa miaka yote hii. Jumatatu usije. Tutafungua sisi.