Sungura wa Runingani

Kwenye kiti cha mbele yangu, fundi cherehani mwenye futi shingoni alikuwa akimlalamikia abiria wa pembeni. "Katuni zimeniharibia binti, dada. Jana mbio za shule alikuwa anaongoza. Rafiki yake kaanguka, naye karudi kumwinua, eti kama yule sungura wa runingani!"

"Si ndio utu huo, mama?" akauliza mwenzake, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusahihisha watu.

"Utu! Sungura alipigiwa muziki. Wangu kazomewa."

"Lakini kapata rafiki wa kufa na kuzikana."

"Rafiki kajipangusa magoti, kampita, kachukua kikombe."

"Basi huyo haangalii katuni."

"Anaangalia! Kila jioni, sebuleni kwangu, kwa umeme wangu."

Basi likasimama. Mtetezi wa utu akashuka bila kuaga.