Salamu za Randa kwa Timazi

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Aliye jikoni aongeze sauti kidogo, na aliye na ugomvi na redio yake aipige kofi la mwisho, kwa sababu leo sitaki mtu akose neno. Leo tunamkumbuka seremala. Amefariki Jumapili, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja. Jina lake la kuzaliwa hatukulizoea. Tulimwita Randa, kama kile chombo chake cha kulainishia mbao. Hata siku ya harusi ya binti yake, amevaa suti, alikuwa na maranda kwenye nywele.

Randa ndiye yule wa salamu. Sasa mmemkumbuka. Kila mwaka, tarehe ileile, nimekaa kwenye kiti hiki nikasoma karatasi yake, na maneno hayakubadilika hata nukta: "Salamu zimwendee kaka yangu Timazi, popote alipo. Ukuta wako ulikuwa wima. Ardhi ndiyo iliyosogea. Njoo nyumbani." Miaka ishirini na miwili nimesoma hivyo. Narudia, miaka ishirini na miwili. Wengi wenu mmenipigia simu kuuliza huyo Timazi ni nani, na mbona haji. Timazi nilimjua; mbona haji ndiyo sikujua.

Timazi ni mwashi. Ni kaka yake Randa, tumbo moja, baba mmoja, amemzidi miaka mitano. Jina alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya ule uzi wenye jiwe la chuma ambao mwashi huuning'iniza kupima kama ukuta umesimama sawa. Yeye hakuuweka mfukoni, aliuvaa shingoni. Ndugu hawa wawili walijenga karibu nusu ya mji wetu wa zamani, ule uliokuwa chini ya mlima. Timazi anapandisha ukuta, Randa anatia mlango. Mjane wa Randa ameniambia hivi: "Mimi nilikuwa mke, lakini akitaka kucheka alimtafuta kaka yake. Nilikuwa naona wivu, sikufichi."

Kikaja kile kiangazi ambacho milango ilianza kukwama.

Nyinyi mnajua, mlango hukwama masika. Mbao hunywa maji, hunenepa, unausukuma kwa bega. Kiangazi mbao hukauka, mlango hufunguka hata kwa upepo. Mwaka ule ilikuwa kinyume. Jua kali, vumbi kila mahali, na milango inakwama. Ukikwama wa mkunga leo, kesho wa fundi saa, keshokutwa wa darasa la tatu na watoto wamo ndani. Vikombe navyo vilikuwa vinalia kabatini, watu wakasema ni malori. Randa alizunguka na randa yake tangu asubuhi. Anapunguza mlango Jumatatu, Alhamisi anaitwa tena mlango uleule. Wateja wakaanza kunong'ona kwamba anawauzia mbao mbichi.

Kumwambia seremala kwamba mbao zake ni mbichi ni sawa na kumtukania mama yake. Randa akaumia. Na siku moja, nyumbani kwa mkunga, mbele ya majirani, akamgeukia kaka yake. Mjane alikuwepo. Anasema Randa alitamka maneno haya: "Kaka, tuseme ukweli. Mbao zangu ni kavu, kuta zako ndizo zimepinda. Umezeeka. Ukuta umekushinda." Timazi alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alikusanya mwiko wake na ndoo yake, akatoka. Kesho yake asubuhi akapanda lori la mchanga akaondoka, na hakumuaga mtu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Randa alijua hivyo kabla jua halijatua, lakini kiburi nacho ni mgeni asiyejua saa ya kuondoka. Akaendelea kupiga randa.

Wiki mbili baadaye akaja mtaalamu wa volkano, binti mwembamba mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Alikuwa amesikia habari ya vile vikombe. Mlimani kulikuwa na vipimo viwili tu vya mitetemo, na kimoja kilikuwa kimekufa. Basi akaanza kuuliza watu maswali, na kila aliyeulizwa alimjibu habari za mlango. Akaletwa kwa Randa.

Sasa, Randa alikuwa na tabia moja. Akimaliza kupunguza mlango, huandika tarehe kwa penseli juu kabisa, pale pasipoonekana, na alama ya upande uliokuwa unagusa. Yule binti akaomba kigoda. Siku mbili alipita nyumba kwa nyumba, anapanda kigoda, anasoma kichwa cha mlango, anashuka, anachora kwenye ramani. Watoto walimfuata wakimcheka. Alipomaliza, alama zilikuwa zimejipanga kwenye mstari mmoja, kutoka machimbo ya mawe hadi sokoni, na milango yote ilikuwa inagusa upande uleule.

Akamkalisha Randa kwenye benchi lake mwenyewe, akamweleza polepole, nami nawaeleza kama alivyonieleza Randa. Dunia tunayoikanyaga si kipande kimoja. Ni vipande vikubwa vinavyosogea, kwa mwendo wa ukucha unaoota. Huku kwetu vipande viwili vinaachana, na katikati yake moto unapanda. Ule moto ulikuwa chini ya mji. Ardhi ilikuwa inavimba kama unga uliotiwa hamira, na nyumba zinainama nayo. Mbao zilikuwa kavu. Kuta zilijengwa sawasawa.

Randa aliniambia alimuuliza yule binti jambo moja tu: kwa hiyo kaka yangu hakukosea? Binti akasema hakukosea. Randa akainuka, akaenda nyuma ya karakana, akalia.

Serikali ya mji ilisita. Kuhamisha watu si kuhamisha mbuzi. Lakini nitawaambia kitu nilichokiona kwa macho yangu. Watu walihama kabla hata amri haijatoka. Mtu anaweza kubishana na mtaalamu hadi povu limtoke, lakini hawezi kubishana na mlango wake mwenyewe aliopigana nao asubuhi. Mkunga alitangulia, na godoro kichwani. Siku ya tisa tangu ramani ile ichorwe, mlima ukapasuka ubavuni. Lava ikapita juu ya mitaa mitatu, karakana ya Randa ikiwemo. Katika mitaa ile mitatu hakufa mtu hata mmoja.

Methali inatuambia ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Sisi tulilima, tukavuna, tukajenga mji mwingine ng'ambo ya bonde, na wale ndugu bado. Randa alimtafuta kaka yake kwenye kila eneo la ujenzi alilosikia. Akiona ukuta uliojengwa vizuri husimama, anaukagua kama mtu anayesoma mwandiko. Katika nyumba yake mpya akajenga chumba cha Timazi. Mjane anasema alikuwa anafagia mwenyewe, hataki binti zake waingie.

Na salamu kila mwaka. Mwaka mmoja niliziruka, matangazo ya biashara yalikuwa mengi. Asubuhi yake nilimkuta mapokezi, ameshika kofia. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Labda jana ndiyo siku aliyokuwa anasikiliza." Nikazisoma mchana ule, mara mbili. Hadi leo sijajisamehe.

Wasikilizaji wapendwa, Jumatatu tulitangaza kifo chake. Jumatano simu ikalia hapa studio. Sauti ya mzee. Akasema, "Mimi ndiye Timazi."

Nikavuta kiti, nikashika kalamu. Yeye ndiye aliyeongea, na ameniruhusu niwaambie yote. Salamu alizisikia. Zote, tangu za kwanza. Na hakuja kwa sababu moja. Mchana ule wa ugomvi, akitoka kwa mkunga, alipita posta ya zamani, jengo lililojengwa kabla hajazaliwa. Akavua timazi shingoni, akaliweka ukutani. Ukuta umeinama. Akaenda shule, umeinama, upande uleule. "Nikajua si mimi wala si yeye," alisema. "Ni chini. Nikajua mji mzima uko hatarini. Na nilikuwa na hasira, nikasema acha ahangaike na milango yake. Niliposikia mlima umepasuka, nikajua nimemuua mdogo wangu. Zilipokuja salamu zake nikajua yu hai, na ndipo aibu ikanishika. Kila mwaka ananiomba radhi yeye, na mwenye kosa ni mimi."

Nilimpigia mjane. Nikamweleza yote. Kisha akasema, "Mwambie shemeji aje. Chumba kipo, kimefagiliwa."

Kwa mjane, kwa binti zake wawili na wajukuu, kituo chote kinasema poleni sana. Nasi tuliobaki, ardhi itasogea tena, hilo halina mjadala. Mlango wako ukikwama kiangazi, muulize jirani kuhusu wake kabla hujamtukana fundi. Na ukijua jambo ambalo nduguyo anahangaika kulijua, mwambie leo, ukiwa na hasira hivyohivyo.

Mzee aliomba kitu kimoja, nami nilimwahidi. Hizi ni salamu zake, nazisoma kama alivyozitamka.

"Zimwendee mdogo wangu Randa. Nilijua siku ileile. Nilinyamaza kwa hasira, nikaendelea kunyamaza kwa aibu. Jumamosi nakuja. Natamani ungekuwepo mlangoni, unigombeze."