Chumba cha Kupimia Kuganda kwa Damu Kisifungwe

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu wa huduma za maabara. Waheshimiwa wa meza kuu. Wagonjwa wetu na ndugu zao. Mgeni rasmi, wengine wamekupokea leo kama mgeni. Sisi wahudumu wa chumba cha kupimia kuganda kwa damu tunashindwa, kwa sababu koti lako jeupe la kwanza lilitundikwa nyuma ya mlango wetu. Karibu nyumbani.

TULIKOTOKA

Vijana wetu hawaamini kwamba zamani hatukuwa na mashine. Tulikuwa na Mama Taratibu, mkuu wa chumba, aliyepewa jina hilo kwa kuwa ndilo neno alilotuimbia kutwa. Alisimama mbele ya beseni la maji ya uvuguvugu, chupa mkono huu, saa ya sekunde mkono ule, akiiinamisha chupa na kuitazama mpaka uzi wa kwanza wa kuganda ujitokeze. Kwa sekunde zile daktari alipanga dozi ya dawa ya kuzuia damu kuganda. Dozi ikipungua, damu itaganda mwilini na mgonjwa atapooza. Ikizidi, atavuja damu ndani kwa ndani. Wenye vali za bandia za moyo walisubiri kwenye benchi wakitaniana nani ana damu ya uji na nani ya chai. Jamani, siku zile zilikuwa tamu!

Unaikumbuka wiki yako ya kwanza? Ulileta chupa ya kifuniko cha buluu imejaa nusu. Mama akaiinua kwenye mwanga.

"Mwanangu, hii ya nani?"

"Ya yule babu fundi cherehani, mama. Mshipa umenikatalia."

"Humu mna dawa ya kuzuia kuganda, iliyopimiwa chupa iliyojaa. Damu ikiwa pungufu, jibu litadanganya kwamba ni nyepesi. Daktari atampunguzia dozi, halafu tumzike. Nenda kamwombe radhi, umchome upya."

Ulikwenda umenuna. Babu akakunyooshea mkono wa pili: "Chukua huu, mjukuu wangu, bado mpya." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

TUNACHOJIVUNIA

Hata mashine ilipokuja, hatukuacha kuinua kila chupa kwenye mwanga. Jibu lilitoka mgonjwa akiwa bado kwenye benchi.

KINACHOTUUMIZA

Miezi minne iliyopita ulitia saini barua kwamba chumba kifungwe na damu isafirishwe kwa gari hadi maabara kuu; tangu hapo mashine imezimwa, nasi tunakusanya chupa tu tukisubiri mlango ufungwe. Tunajua ulikuwa na nia njema. Lakini huko hakuna anayemjua mgonjwa, na chupa zinapimwa jinsi zilivyofika.

Tunakiri mbele yako. Mwezi uliopita chupa moja ililetwa kutoka wodini imejaa nusu. Tuliiona. Dereva alikuwa anapiga honi, tukaiacha ipite. Jibu lilirudi siku ya tatu: damu nyepesi mno. Dozi ikapunguzwa. Haikupita wiki, mgonjwa akaamka mkono wa kulia hauinuki na mdomo umekwenda upande. Mgonjwa huyo ni Mama Taratibu, ambaye tangu astaafu anatumia dawa ileile ambayo nguvu yake aliipima maisha yake yote. Tumelia sana, mgeni rasmi, na aibu haijatutoka.

OMBI LETU

Hatuombi jengo wala mashine mpya. Tunaomba chumba kibaki.

Mama ndiye huyo hapo mbele yako, kwenye kiti cha magurudumu. Leo ni siku yake ya kipimo. Gari limeondoka bila chupa yake, kwa kuwa tulikataa kumtoa damu ya kusafirishwa. Mashine tumeiwasha tangu asubuhi bila ruhusa, na kosa hilo ni letu sote. Sindano, pamba na chupa viko kwenye trei. Tulipomuuliza nani amchome, alijibu kwa ulimi mzito: "Mkurugenzi. Nilimfundisha mwenyewe."

Mwenyezi Mungu aujalie mkono wako utulivu.

Ni sisi, wahudumu wa chumba cha kupimia kuganda kwa damu, ambao mpaka dakika hii tuko kazini.