Verla Haskett na Samaki Aliyeachiwa Korongoni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja asubuhi hii. Mmiminie kahawa aliye karibu nawe, kisha tumkumbuke mtu wetu.

Verla Haskett ametutoka. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake hapa Pruitt, moyo ulipochoka. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane. Kwa miaka thelathini na minne aliwaongoza wageni waliokuja kuvua trauti, samaki wa maji baridi, katika korongo la Mto Larkin. Miaka thelathini na minne, wasikilizaji, na hakuna mgeni wake hata mmoja aliyezama.

Alizaliwa hapa hapa, kwenye shamba la kondoo la baba yake. Mama yake ndiye aliyemfundisha kuvisha ndoana nyuzi na manyoya, hadi ifanane na mdudu aliyetua majini. Manyoya yalitoka kwenye banda lao la kuku. Dada yake, Netta, alituambia hivi: "Majogoo wetu wote walikuwa na vipara shingoni. Ukiona jogoo anakimbilia chini ya trekta, ujue Verla katoka nje."

Mwaka 1980 Verla aliomba kazi ya kuongoza wavuvi. Enzi hizo kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Mwenye duka la uvuvi alimtazama, akamwambia wanahitaji mtu wa kuandaa mikate ya wageni.

"Nitaandaa," Verla akasema. "Halafu nitaibeba mwenyewe hadi mtoni, na wageni wakinifuata."

Akaajiriwa.

Sasa wasikilizaji, twende mwishoni mwa Aprili, mwaka 1991. Mnaijua Aprili yetu. Asubuhi unavaa koti, mchana unalivua. Wadudu wanatoka majini kwa maelfu, na trauti wanakula kama waliofunga mwaka mzima. Siku hiyo Verla alishuka korongoni na mgeni mmoja tu, daktari wa mifupa kutoka Denver, jina lake Conrad Weems. Alikuwa mtu hodari, na hakuzoea kuambiwa la kufanya.

Daktari alisimama juu ya mwamba katikati ya mto. Kutoka ukingoni hadi pale, maji yalimfika magotini. Saa nane mchana akanasa samaki. Verla alimwona samaki huyo alipogeuza ubavu. Katika miaka yake yote mtoni alikuwa hajaona trauti mkubwa namna ile.

Papo hapo akaona na jambo jingine. Majani makavu ya misonobari yalikuwa yanapita juu ya maji. Povu likafuata. Mto uliokuwa wa kijani ukaanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Joto la mchana lilikuwa limeyeyusha theluji huko juu.

"Daktari, tutoke," akaita.

"Bado kidogo."

"Maji yanapanda, Daktari."

"Nimemshika, mama. Huoni?"

Verla akaingia. Maji sasa yalimfika mapajani, yakimsukuma. Alipofika kwenye mwamba alimwomba mara ya tatu. Daktari hakugeuka hata kumtazama. Basi Verla akachukua mkasi mdogo uliokuwa ukining'inia kifuani, akaukata mshipi.

Ufito wa kuvulia ukanyooka. Samaki akaenda zake.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimekukatia mshipi. Sasa nishike bega, twende."

Walitoka. Walipanda njia ya korongoni kwa saa mbili. Daktari hakugeuka nyuma, na baada ya kona ya kwanza mto hauonekani tena. Kwa hiyo hakuona kilichotokea baadaye. Kwake yeye, mwanamke mwoga alikuwa amemnyang'anya samaki wa maisha yake. Alikwenda dukani akalalamika, na Verla akasimamishwa hadi msimu ule ulipoisha.

Binti yake, Joleen, anaikumbuka jioni hiyo. "Mama aliketi jikoni na viatu vya mtoni miguuni. Akaniambia, 'Joleen, sijui. Labda tungeweza kungoja dakika tano.' Alijiuliza hivyo mwaka mzima. Kwa watu hakusema, lakini mimi nilimsikia."

Mwaka uliofuata, Aprili tena, Daktari Weems alirudi na kiongozi mwingine. Mchana walipumzika ukingoni, wakila, mwamba ule ukiwa mbele yao. Majani ya misonobari yakaanza kupita. Kisha povu. Daktari alitazama saa yake. Dakika sita baadaye mwamba ulikuwa umezama wote, na gogo la msonobari likapita juu yake kwa kasi.

Aliacha chakula chake pale pale. Jioni hiyo alisimama mlangoni kwa Verla, kofia mkononi.

"Bi Haskett, nimekuja kusema kwamba..."

"Umekula?" Verla akamkatiza.

"Sijala."

"Basi ingia. Supu itapoa."

Kesho yake daktari alikwenda dukani kufuta maneno yake. Tangu hapo walivua pamoja kila Aprili, kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi Verla alipostaafu. Daktari sasa ana miaka themanini na minne. Jana alituambia kwa simu: "Nilimuuliza mara nyingi yule samaki alikuwa na ukubwa gani. Kila mara alinijibu, 'Mdogo tu, Daktari, wa kukaanga na yai moja.' Alinidanganya hivyo hadi mwisho, nami nilimpenda kwa hilo."

Kwa Joleen, kwa Bi Netta, na kwa wajukuu wote wa ukoo wa Haskett: tunawapa pole. Msiba huu ni wetu pia. Maziko ni Jumamosi, saa nne asubuhi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu ana mtu aliyewahi kumzuilia jambo alilolitamani sana, kwa sababu aliona hatari kabla yetu. Pengine tulimnunia. Pengine hadi leo hatujarudi mlangoni kwake. Kama bado yu hai, asubuhi ndiyo kwanza imeanza. Zimeni redio, mumpigie simu.