Thurlow Emil Abendroth, wa Upande wa Magharibi wa Barabara ya Kinu

Tunayemzika leo, Thurlow Emil Abendroth, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 katika shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake, Emil na Hulda, upande wa mashariki wa Barabara ya Kinu, hapa Kettle Fork. Alikuwa kifungua mimba. Miaka kumi na miwili baadaye akaja dada yake, Leota, na familia ikaishia hapo. Waliomjua utotoni wanasema alikuwa mtulivu na alipenda kugawa vitu: keki, zamu za kukamua, nafasi za mezani. Kipande chake hakikuwahi kuwa kidogo, wala hakuna aliyewahi kuona kisu kikiteleza.

Alisoma shule ya mji huu hadi mwaka 1967, kisha akapata shahada ya historia katika chuo cha ualimu cha jimbo. Mwaka 1972 alirudi kufundisha somo la serikali katika sekondari yetu, na wengi mlioketi hapa mlipita mikononi mwake. Kila Mei alirudia kozi nzima kabla ya mtihani: mihimili mitatu, kila mmoja ukimshika mwenzake shati, bunge la juu na la chini, jimbo na shirikisho, na chini ya yote wananchi, ambao aliwachora ubaoni kama jiwe la msingi, yaani kitu cha kukaliwa. Mwaka 1978 Leota alikuwa darasani mwake. Aliulizwa nani huchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi.

"Mwenye penseli, Mwalimu."

"Jibu ni bunge."

"Na bungeni penseli anaishika nani?"

Alitolewa nje, akapewa sifuri. Marehemu alipenda kusimulia kisa hiki kwenye karamu za chama, akikiita ushahidi kwamba hakupendelea ndugu.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Marvel Kjos, mpiga kinanda wa kanisa hili. Walijenga nyumba upande wa magharibi wa barabara, ikitazamana na shamba la wazazi, na wakajaliwa mtoto mmoja, Dewey. Marvel alikuwa mwanamke mwenye subira, na hakuna siku aliyokosa pa kuitumia. Ijumaa, kwenye samaki wa kukaanga pale ukumbi wa mji, marehemu aliagizia meza nzima kwanza, ndipo akauliza nani anataka nini. Marvel alifariki mwaka 2014.

Mwaka 1984 marehemu alichaguliwa kuingia bunge la jimbo, akakaa humo hadi kufa. Mtu akikaa muda mrefu namna hiyo watu husema anapendwa. Huku kwetu visima vilianza kutoa maji ya rangi ya chai baada ya mazizi makubwa ya ng'ombe kujengwa kaskazini, na samadi yake kumwagwa mashambani mwaka mzima. Kila mswada wa kulinda visima ulipoletwa, ulipelekwa kwenye kamati ya marehemu, na haukutoka. Yeye alikunywa maji ya madumu.

Leota, ambaye alibaki na shamba la wazazi, alitangaza mwaka 2011 kwamba angepambana na kaka yake katika kura ya mchujo ya chama. Mwaka huohuo, baada ya sensa, marehemu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mipaka. Ramani mpya ilipotoka, mstari ulishuka katikati ya Barabara ya Kinu. Nyumba yake ilibaki katika eneo lake la uchaguzi. Shamba la dada yake liliangukia eneo jingine, la mwakilishi anayeishi mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa, ambaye hatujawahi kumwona.

Leota alivuka barabara na hotidishi yake mkononi, bakuli la viazi na nyama vilivyookwa pamoja, kwa sababu ilikuwa Jumapili.

"Kaka, umenitoa."

"Ramani haina macho, Leota."

"Haina macho, lakini nyumba yangu imeiona."

"Viazi vimeungua kidogo," alisema marehemu, akajipakulia.

Leota alipanga chumba upande wa magharibi ili apate sifa ya kugombea. Marehemu akaweka pingamizi mbele ya bodi ya uchaguzi. Alithibitisha kwamba dada yake hurudi kulala shambani kwa sababu ng'ombe hukamuliwa alfajiri, na akaishawishi bodi ikubali kanuni kwamba mtu huishi pale anapolaza kichwa. Jina la Leota likafutwa. Marehemu alishinda bila mpinzani, akaishukuru demokrasia.

Oktoba 2022 alipatwa na kiharusi kilichochukua upande mmoja wa mwili na nusu ya mdomo. Dewey anaishi Arizona. Leota akatandika kitanda cha mama yao chumba cha chini, akaja kumchukua. Akamkuta mlangoni Bwana Gaylen Strube, kiongozi wa wabunge wa chama. Chama kilikuwa na wingi wa kura moja tu, na wapinzani walikuwa wameikumbuka kanuni ya kichwa. Usiku mmoja mashariki, na kiti kingekuwa wazi.

"Bi Leota, sisi tunamheshimu sana kaka yako. Tunaomba tu alale kwake."

"Alale kwake na nani? Na bango la kampeni?"

"Tumemwekea muuguzi wa zamu."

"Muuguzi wa zamu anajua kwamba hanywi uji wenye maziwa?"

Bwana Strube aliahidi kulifuatilia jambo la uji.

Marehemu akiwa kitandani, mswada mpya wa visima ulikuwa umetoka kwenye kamati yake, na mjini walisema Leota anamtaka kaka yake ili kiti kiwe wazi na mswada huo upite. Leota hakukanusha. Alisema mtu anaruhusiwa kuwa na sababu mbili. Alimwendea Thurlow mwenyewe mara ya mwisho mwezi Aprili.

"Ni kuvuka barabara tu, kaka. Nitakusukuma."

"Baada ya kura."

"Kura ya visima?"

"Baada ya kura."

"Yaani uinyime maji nyumba unayotaka kuja kufia?"

"Leota, usianze siasa."

Tarehe 19 Aprili 2023 Bwana Strube alimsukuma marehemu hadi kwenye meza yake bungeni. Kanuni zinataka mbunge abonyeze kitufe mwenyewe, naye alikibonyeza kwa mkono uliobaki. Mswada wa visima ulianguka kwa kura moja. Wenzake walisimama kumpigia makofi. Alirudishwa nyumbani, upande wa magharibi, na tarehe 6 Mei alifariki kitandani mwake, muuguzi wa zamu akiwa jikoni. Taa ya dirisha la Leota ilionekana kutoka hapo. Hakuna aliyemwita.

Jana Bwana Strube aliomba mazishi yafanyike makaburi ya mji, yaliyo ndani ya eneo la uchaguzi la marehemu, akisema picha zingependeza. Leota alimjibu kwamba hakuna kanuni inayouliza maiti inalaza wapi kichwa. Yeye mwenyewe ameitafuta. Tutatoka hapa kwa miguu, tutavuka Barabara ya Kinu, na tutamlaza nyuma ya zizi, kati ya Emil na Hulda, mahali ambapo hana kiti wala kura. Kahawa na sandwichi za nyama zipo kwa Leota. Maji tafadhali msiyanywe.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Dewey, dada mmoja, Leota, wajukuu wawili, na kiti kimoja, ambacho waombolezaji wa safu ya mbele wanaombwa wasikizungumzie hadi jeneza lishushwe.

Thurlow apumzike kwa amani, na sisi pia.