Wanaume Watatu Waliomwangusha

Mama zangu wa kikundi, na nyinyi wanaume wachache mliosindikiza wake zenu mkaamua kubaki, asanteni kwa kunipa nafasi. Mimi ni baunsa. Anayetaka kucheka acheke sasa, nitamngoja.

Nilianza kwenye baa moja hapa Voi. Tajiri mwenye baa alinipa kazi ya kupekua mikoba ya wanawake, basi. Mwanaume akileta fujo nisimguse, nimwite baunsa mwenzangu, kijana mmoja wa kutoka Bomeni, kwa sababu mteja akishikwa na mwanamke eti anavunjiwa heshima. Yaani mtu amejitapikia viatu, lakini bado ana heshima ya kulindwa.

Jumapili moja mchana watu wanakula nyama, mwenzangu yuko lango la nyuma anapokea kreti za soda. Kulikuwa na mkandarasi mmoja, mtu wa tumbo na sauti. Supu ilichelewa, akamvuta mhudumu nywele. Nikamwomba amwachilie. Akaniuliza bwana wangu yuko wapi aje anifunge kamba, kisha akanipiga chupa hapa kidevuni. Kovu mnaliona.

Ndugu zangu, nawaambia, sikurusha ngumi hata moja. Niliushika ule mkono wa chupa, nikaukunja nyuma ya mgongo, nikamlaza kifudifudi, nikamshikilia kama mbuzi anayesubiri kunyweshwa dawa. Alipotulia nikamwachilia. Bega lake lilikuwa limeteguka.

Jioni hiyo tajiri akanifuta kazi kwa kumwaibisha mteja. Kanisani wakanong'ona kwamba mwanamke anayekamata wanaume ana pepo. Watu hao hao, mabinti zao wakipigwa, husema wavumilie. Lakini waliniweza. Nilijifungia ndani, nikawa nalia mbele ya watoto.

Halafu nikasikia yule bwana ameenda polisi kusema amevamiwa na mabaunsa watatu, wanaume. Baa nzima tulikuwa mabaunsa wawili, na mmoja ni mimi. Kijana wa Bomeni akakamatwa, kesho yake apelekwe kortini.

Mwenyekiti wetu, huyu mama aliyeketi hapo mbele, akaja kwangu.

"Unamwacha mtoto wa watu afungwe kwa sababu unaona haya?"

Nikamwambia nikisema ni mimi nitafungwa mimi.

"Ulijikinga. Vaa viatu twende."

Tukampitia yule mhudumu, tukaenda kituoni. Mkandarasi aliitwa, akaja mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Nilieleza yote, chupa na bega, na mhudumu akasema alichoona. Mkuu wa kituo akamuuliza kama ni mimi niliyemwangusha. Mkandarasi akaniangalia bendeji ya kidevuni, kazi ya mkono wake mwenyewe, kisha akamgeukia mkuu.

"Afande, mwanamke hawezi kuniangusha mimi."

"Basi hao wanaume watatu ni akina nani?"

Hakuwa nao. Angekubali ni mimi, angeulizwa habari ya chupa, na mji mzima ungejua. Akaona heri aiondoe kesi. Hivyo ndivyo lilivyo jitu zima: liko radhi kumfunga asiye na hatia, lakini haliko radhi kusema ukweli mbele ya mwanamke. Nilicheka, mara ya kwanza tangu siku ile, na mwenzangu akaachiliwa.

Huyo kijana alikataa kurudi kazini bila mimi. Tajiri akanyenyekea haraka sana. Sasa nasimama mlangoni, na anayeinua mkono namshika, awe nani.

Mwenyekiti, asante. Dada mhudumu, asante kwa kutoogopa. Na wewe kijana wa Bomeni, Mungu akulinde. Nanyi mlio hapa, ukipigwa jikinge, kiasi cha kumzuia tu, kisha nenda ukaripoti siku ileile. Usimpe mtu kama yule nafasi ya kuisimulia habari yako kabla yako.

Juzi nimekutana na yule mkandarasi sokoni, yuko na mkewe. Ana mvi, ananizidi umri kwa mbali. Akainamisha kichwa, akaniambia shikamoo. Mkewe akamgeukia, akamshangaa.

Nikaitikia, marahaba.