Mapumziko Mawili, la Pili Wima

Ijumaa tarehe 28 Juni 2019, Mwalimu Angeline Akumu Obonyo atafunga madirisha ya ofisi yetu ya tathmini hapa Eldoret kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Saba alifundisha darasani. Ishirini na mitano iliyobaki aliitumia kuwatafutia watoto wenye ulemavu nafasi katika shule zilizo karibu na kwao. Sisi tunamwita Mama Akumu. Nimeombwa niandike kwa sababu nimekaa naye meza moja miaka miwili, na nadhani pia kwa sababu wenzangu wanasema tangu nifunge ndoa mwezi wa Aprili naona kila kitu kinapendeza. Ni kweli nina furaha, siwezi kuificha. Lakini Mama Akumu alinionya mapema kwamba kazi yake nisiitie sukari, na nimejitahidi.

Alizaliwa Bondo mwaka wa 1959, akaja huku kufundisha mwaka wa 1987. Katika darasa lake la kwanza alikuwa na msichana aliyeletwa mgongoni na mamake kila asubuhi. Muhula wa pili mgongo wa mama ukashindwa na msichana hakuonekana tena. Mama Akumu hakuwahi kumuuliza yule mama wanatoka wapi. Alipokuja kuuliza walikuwa wameshahama, na mpaka leo hajui walikwenda wapi. Anasema hilo ndilo kosa lililomtoa darasani na kumleta kwetu.

Fomu yetu ina mstari unaouliza umbali kutoka nyumbani hadi shuleni kwa kilomita. Mama Akumu hakuujaza kwa kilomita hata siku moja. Alikwenda nyumbani kwa mtoto, akatembea naye mpaka lango la shule kwa mwendo wa mtoto mwenyewe, akahesabu mara ambazo mtoto alipumzika. Mapumziko matatu au pungufu, shule iko karibu. Yakizidi matatu, shule iko mbali, hata kama kengele yake inasikika jikoni.

Wakongwe wa ofisi wanasimulia kwamba mwaka wa 2003 afisa mmoja alikuja kukagua, akaziona fomu hizo, akauliza mapumziko ni kipimo cha nchi gani. Mama Akumu alitoa magongo ya akiba yanayokaa nyuma ya mlango, akamwomba kwa heshima zote atembee nayo hadi posta na kurudi. Mkubwa alirudi shati limelowa. Alikaa kwanza, akanywa maji, akasema, "Sita." Kisha akatia sahihi fomu zote.

Tena kuna Bashir, mwenye duka la nguo hapa mjini, ambaye bintiye Ikra hasikii. Aliambiwa ampeleke bweni mbali kabisa, na Maryam, mamake Ikra, akakataa kula siku mbili. Mama Akumu alizunguka shule za mjini kwa miguu mpaka akapata moja yenye mwalimu anayejua lugha ya ishara. Bashir alimwambia, "Mama, unatembea kama mtu aliyepoteza ng'ombe." Akamjibu kwamba ng'ombe angekuwa ameshapatikana. Leo Ikra anashona katika duka la babake, na gauni nililovaa kwenye harusi yangu ni kazi ya mikono yake. Wageni waliliulizia, nami nikajibu kwa maringo.

Ningependa kuishia hapo. Lakini faili lililomweka Mama Akumu Eldoret muda mrefu hivi ni la Priscah.

Priscah ni binti ya Mzee Kinyanjui, mkulima wa viazi upande wa Burnt Forest. Miguu yake ilikuwa dhaifu tangu utotoni na hutembea kwa magongo. Novemba 2007 alikuwa na miaka sita, na Mama Akumu alikwenda kumpimia njia ya kwenda shule ya msingi ya pale kijijini. Njia ya mkato inapita mbele ya lango la jirani yao, Mzee Kimeli. Priscah alipumzika mara mbili tu, na mara ya pili aliketi chini kwenye vumbi, langoni mwa Kimeli. Kimeli aliona. Kabla ya jua kutua alikuwa amepiga misumari benchi fupi la mbao, saizi ya mtoto, akaliweka hapo. Wazee wale wawili walicheka sana siku hiyo, kila mmoja akimtania mwenzake kuhusu nani atamtangulia mtoto kulikalia. Mama Akumu akaandika kwa wino: mapumziko mawili. Barua ya nafasi ikatoka. Priscah angeanza darasa la kwanza Januari.

Januari hiyo ya 2008, ya ghasia za baada ya uchaguzi, hakuna mtu wa Eldoret anayehitaji kusimuliwa. Nyumba ya Kinyanjui ilichomwa. Vijana waliokuja kuichoma walipita njia ile ile ya mkato, mbele ya lango la Kimeli. Kimeli anasema alikuwa amejificha kwenye mahindi na familia yake. Kinyanjui hajawahi kumuuliza, na Kimeli hajawahi kwenda kumweleza.

Mama Akumu aliwakuta katika kambi ya uwanja wa maonyesho mwezi wa Februari, ndani ya hema lililovuja. Magongo ya Priscah yaliungua na nyumba. Alimpelekea yale ya nyuma ya mlango, ambayo yalikuwa marefu kupita kiasi, akayakata mwenyewe kwa msumeno wa kuazima. Mvua za Aprili zilipokuja, magongo yalizama kwenye tope kila hatua, na katika faili kuna mstari wa siku hiyo: kutoka hemani hadi hema la darasa, mapumziko tisa. Mwezi wa Mei mamake Priscah aliugua kichomi akafariki pale pale kambini.

Wakati huo huo Mzee Obonyo, mume wa Mama Akumu, alikuwa amefukuzwa na ghasia hizo hizo kutoka Naivasha alikofanya kazi ya ufundi wa mabomba. Alirudi Bondo na begi moja, akampigia simu mkewe. "Angeline, njoo nyumbani. Hii Bonde la Ufa imetushinda." Mama Akumu alimwambia atakuja Priscah akishapata shule na kumaliza darasa la nane. Mzee Obonyo akauliza Priscah ni nani. Alipokwisha kuelezwa akasema basi angengoja.

Alingoja miaka kumi na moja. Mimi nikikaa siku moja bila kumwona mume wangu Cyril naona siku imeoza, na hawa wawili waliishi kwa simu ya kila jioni wakati wa taarifa ya habari na basi la mwisho wa mwezi. Sijui mapenzi mengine makubwa kuliko hayo, na Mama Akumu akisoma sentensi hii ataikata.

Kinyanjui na bintiye walirudi shambani mwishoni mwa mwaka 2010, kwenye nyumba ya mabati ya vyumba viwili. Shule ilikuwa imeezekwa upya. Nafasi ilikuwepo. Lakini Kinyanjui alisema mtoto wake hatapita mbele ya lango lile. Njia nyingine inazungukia barabara kuu, na Mama Akumu aliitembea na Priscah: mapumziko saba. Mwalimu mkuu alisema angeshikilia nafasi hadi mwisho wa Januari. Ofisini wengine walishauri apelekwe shule ya bweni wilaya ya mbali, faili lifungwe. Mama Akumu alikataa. Alisema mtoto amempoteza mamake, na wao wanataka kumtoa kwa babake kwa sababu ya watu wazima wawili wasiosemezana.

Alikwenda kwa Kinyanjui Jumamosi saba mfululizo. Hakumhubiria. Alichukua kisu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamenya viazi naye. Jumamosi ya tatu Kinyanjui alimuuliza kama kule kwao hakuna viazi. Jumamosi ya tano alisema, "Wewe mama, unataka nimsamehe mtu ambaye hata hajaniambia amekosa nini." Mama Akumu alimjibu kwamba hakuja kwa ajili ya msamaha, alikuja kwa ajili ya darasa la kwanza. Akitoka hapo alipitia kwa Kimeli. Kimeli alisema kama benchi ndilo tatizo, atalipasua kuni sasa hivi. Mama Akumu akamwambia aliache.

Jumamosi ya saba Kinyanjui alikubali kwa masharti mawili. Mtoto atapita, lakini hataketi pale. Na yeye mwenyewe hatamsindikiza.

Kwa hiyo Jumatatu ya mwisho ya Januari 2011 aliyemsindikiza ni Mama Akumu. Priscah alikuwa na miaka tisa na sare iliyompwaya. Walipofika langoni mwa Kimeli alikuwa amechoka. Alilitazama benchi. Kisha akakita magongo, akaegemea nguzo ya ua, akapumzika akiwa amesimama, uso ameuelekeza njiani. Kimeli alikuwa zizini, kofia mkononi. Mama Akumu anasema pumziko lile lilikuwa refu kuliko yote aliyowahi kuhesabu.

Fomu ya siku hiyo ninayo hapa. Imeandikwa kwa wino: mapumziko mawili, la pili wima. Neno "wima" peke yake limeandikwa kwa penseli, ili siku moja liweze kufutwa.

Priscah alisoma darasa la kwanza hadi la nane kwa njia hiyo. Alipumzika wima langoni pale kwenda na kurudi, miaka minane. Kila Desemba Kimeli aling'oa mbao zilizooza akapigilia mpya, na miguu ya benchi akairefusha kadiri msichana alivyorefuka. Hakuna mtu wa nyumba yake anayeruhusiwa kulikalia. Kinyanjui anajua, kwa maana nyundo inasikika mpaka kwake. Hao wazee wanakutana sokoni na kila mmoja anaangalia viazi vyake. Nilimuuliza Mama Akumu kama hilo halimvunji moyo. Akasema linamvunja, kisha akaniuliza kama nimeshapiga chapa barua za shule za Moiben.

Kwa miaka ishirini na mitano ya fomu hizo, Mama Akumu amewapatia nafasi watoto mia nne na kumi na mmoja. Nilihesabu mwenyewe. Aliposikia hesabu yangu aliuliza ya wale ambao hawakupata. Sikuwa nimehesabu. Yeye aliijua kwa kichwa: mia mbili na sita, na wengi wao ni wa mwaka 2008.

Mzee Obonyo alikuja Eldoret kwa harusi yetu, mara yake ya kwanza tangu mwaka ule wa ghasia. Alishuka kwenye basi na suti iliyopigwa pasi mpaka inakata, akacheza na mkewe nyimbo tatu bila kumwachia mkono, na watu wakasahau kumtazama bibi harusi. Sikukasirika hata kidogo. Alinishika bega akaniambia, "Binti, huyu nakuja kumchukua Juni. Msimpe mtoto mwingine."

Mwezi wa Mei Mama Akumu alinichukua kwa ziara ya mwisho ya faili la Priscah. Sasa yuko kidato cha kwanza, shule ya kutwa iliyo ng'ambo ya ile ya msingi, njia ni ile ile. Tulitembea nyuma yake kidogo. Langoni mwa Kimeli alisimama, akakita magongo, akaegemea nguzo kama kawaida. Kisha akavua mkoba wa vitabu mgongoni, uliokuwa mzito, akauweka juu ya benchi.

Mkoba ulikaa pale labda dakika mbili. Mlango wa nyumba ya Kimeli ulikuwa wazi nusu. Mimi nilitaka kupiga kelele kwa furaha, na Mama Akumu alinifinya mkono mpaka nikanyamaza. Priscah aliuvaa tena mkoba wake, tukaendelea. Njiani nilitoa kalamu. Akaniambia, "Usiandike kwamba ameketi. Hajaketi."

Mama Akumu, kwa niaba ya ofisi nzima, na ya wazazi uliowamenyea viazi, asante. Asante kwa kila njia uliyoitembea polepole kwa ajili ya mtu mwingine. Nenda Bondo ukaishi vizuri na Mzee Obonyo, mketi pamoja jioni mkisikiliza taarifa ya habari bila simu katikati, na Mungu awape miaka mingi ya kufidia ile. Nami nimerithi kiti chako, magongo mapya ya nyuma ya mlango, na faili la Priscah. Liko kwenye droo yangu ya juu, fomu ile ikiwa mbele. Penseli nimeichonga.